Mgomba wa Kimo cha Eugène

Watu wa silaha walipoingia kijijini kwao, upande wa Nyunzu, Henriette alitoroka na watoto, Reine na wadogo zake, na sufuria moja. Mumewe, Eugène, alisema anarudi kuwafungulia mbuzi, kisha atawafuata. Mbuzi walionekana baadaye, wakiuzwa sokoni. Eugène hakuonekana.

Henriette alifika Kalemie kwa miguu, akapewa turubai katika kambi ya wakimbizi ya Katanika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katanika jembe lenyewe halikuwepo, wala pa kulima. Basi akawa anashuka ziwani kuchukua ndagala, dagaa wa kule, anawaanika, anawauza kwa vikombe kando ya njia. Wateja walimsifu kwa upole. Hakuwa mpole hata kidogo, ila yule aliyezoea kugombana naye hakuwepo.

Shemeji yake Pierre, kaka mkubwa wa Eugène, hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na maneno ya kutosha watu wawili. Alisema aliyekufa porini bila kaburi hatulii, anausumbua ukoo. Dawa yake inajulikana: unakata shina la mgomba, unalizika kwa jina lake, mnalia, mnatawanyika. Kila mtoto alipokohoa pale kambini, Pierre alimtazama Henriette.

“Mama Reine, ndugu yangu atalala inje mpaka lini?”

“Bwana yangu ni muzima, Papa Pierre. Anachelewa tu. Hata siku ya ndoa alichelewa.”

Hilo lilikuwa kweli, na Pierre mwenyewe siku ile alitumwa kumtafuta. Akanyamaza karibu mwaka mzima.

Halafu Jumamosi moja akachimba kaburi bila kumuuliza mtu, akaita mkatekista na majirani. Henriette alikuja amejifunga kitenge kiunoni, tayari kuwafukuza wote. Ndipo akaliona shina lenyewe. Lilikuwa la mgomba mchanga, kimo cha mtoto wa shule.

“Hii njo nini?”

“Njo Eugène.”

“Eugène? Huyu mufupi hivi?”

“Mama, mbele ya Mungu urefu si kitu,” alisema Pierre. Afadhali angenyamaza.

Henriette alichukua panga, akateremka bondeni kwa mwenye shamba la migomba, akaomba. Akasimama mbele ya shina moja, akaliacha. Akasimama mbele ya jingine, akaliacha pia. Mwenye shamba alidhani anachagua ndizi. Mwishowe akapata lililomfaa, akalikata, akalibeba begani mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Kando ya kaburi alilisimamisha wima ili Pierre aone, akaliegemea, akaweka paji la uso pale lilipozoea kufika, chini kidogo ya bega la mumewe. Maji ya mgomba yakamlowesha kifuani.

“Muone,” alisema. “Njo yeye.”

Kisha akatambua alichofanya. Alikuja kuzuia maziko, na maiti kaileta yeye. Alilia kwa uchungu ambao hakuna aliyewahi kumwona nao. Pierre alinyoosha mikono alipokee shina, lakini Henriette hakuliachia, na ilibidi wanawake wawili wamfungue vidole.