Mkono Kwenye Bomba la Maji ya Moto

Fundi bomba alivua viatu mlangoni kwa Bi Rudaina, akapita bila kuitikia salamu. Bafuni hakugusa hata mfuko wake wa vifaa. Alishika bomba la maji ya moto kwa vidole viwili, akalifuata ukutani polepole, akisimama kwenye kila kiungo na kufumba macho.

“Fundi, unalitengeneza au unalipima homa?” Bi Rudaina alimchokoza kwa nyuma. “Hodhi halijai mpaka maji yamepoa!”

Vidole vya fundi vikashuka nyuma ya hodhi, vikakuta koki imefungwa nusu na kukazwa kwa waya wenye kutu. Bi Rudaina akashika mdomo. Hiyo kazi ya marehemu mumewe, aliyeogopa tangi la paani lisije likakauka kabla ya siku ya mgao wa maji. Fundi akaufungua waya, akazungusha koki. Maji yakanguruma, mvuke ukatanda, Bi Rudaina akapiga kigelegele karibu kabisa na sikio la fundi.

Hakushtuka. Ndipo mama wa watu alipotambua kuwa fundi hasikii kitu.

“Sasa linapumua!” fundi akapaza sauti, kiganja kikiwa bado bombani.

Bi Rudaina naye akaweka chake. Bomba lilitetemeka kama koo la njiwa.