Mtandika Mazulia Aliyetafuna Vita

Malang alitandika mazulia ya baraza la Sultani wa Bijapur, huko Bara Hindi, kwa miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hakuna amiri aliyewahi kumtazama usoni. Walimjua kwa mgongo tu. Mkewe, Zulekhabi, alisema hata mgongo wenyewe si wa kujivunia. Ila yake ilikuwa moja, ulafi wa tambuu: asipotafuna asubuhi, kichwa humuuma mpaka jioni.

Basi Wamughali, watawala wa kaskazini, wakaja na mizinga yao, wakauzingira mji. Mwaka mzima hakikuingia kitu, si mtama, si popoo. Wenzake walililia mkate. Malang alililia tambuu.

Siku moja waziri akaitisha baraza, akaweka mbele ya maamiri sinia la fedha lenye tambuu moja, imekunjwa na kubanwa kwa karafuu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Atakayeila ameapa kutoka langoni kwenda kuwafukuza maadui. Maamiri wakalisifu sinia. Mmoja akasema ana jino bovu. Mwingine tabibu wake kamkataza chokaa inayopakwa tambuu. Mwishowe wote wakakumbuka sala ya adhuhuri, hata wale wasiokuwa na desturi ya kuikumbuka, wakaondoka.

Malang akaingia kukunja zulia. Tambuu ilikuwa palepale. Maana yake aliijua kuliko maamiri wote, lakini mate yalimjaa, na mkono ukatangulia akili. Alikuwa akitafuna, macho kayafumba kwa utamu, aliposikia kalamu ikikwaruza. Karani wa baraza hakuwa ameondoka.

"Jina la baba yako?"

"La nini, bwana?"

"La kitabuni. Umekubali vita."

"Astaghfirullah! Natema, natema!"

"Ukishameza mate yake imekwisha, jemadari."

Maamiri walirudi mbio kumkumbatia. Yule wa jino bovu alicheka kwa meno yote. Wakamvika deraya iliyomfika magotini, wakampa upanga, wakamsukuma nje ya lango la mashariki na kulifunga. Malang alipouliza askari wake wako wapi, waziri alimjibu kutoka juu ya ukuta kwamba shujaa kama yeye haifai kuingiliwa kazi yake.

Akatembea peke yake mpaka kwenye mahandaki ya Wamughali.

"Unataka nini, mzee?" akauliza askari mmoja aliyekuwa akipika.

"Nimekuja kuwafukuza."

"Wote?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

Wakamkalisha, wakampa mkate na dengu. Alikuwa kwenye kipande cha pili vifijo viliposikika: maamiri walikuwa wamefungua lango la magharibi na kukabidhi funguo.

Alasiri watu wakakusanywa uwanjani. Kila amiri aliyesalimu amri alivishwa joho jipya. Ofisa wa Wamughali akauliza ni nani waliopigana, na karani akafungua kitabu.

"Mmoja."

Malang akaletwa, deraya ikigongana kila hatua. Maamiri wakaangua kicheko.

"Mzee," akasema ofisa, naye akijizuia asicheke, "sema ulikosea, uende nyumbani. Usiposema, ni kifungo katika ngome ya kaskazini mpaka ufe."

Zulekhabi, katikati ya wanawake, alimpungia mikono yote miwili: sema!

Malang aliujua ukweli wake, wala haukuwa wa kishujaa. Akafungua kinywa auseme. Kisha akawaangalia watu aliowatandikia miaka thelathini, majoho ya adui hata hayajawakaa sawa mabegani, na hasira ikampanda, hasira asiyojua kama anayo.

"Sikukosea," akasema. "Tena nilikuwa hata sijaanza."

Kicheko kikakatika. Karani akachovya kalamu. Ndipo Zulekhabi akapenya katikati ya watu, analia na kutukana, mpaka mbele ya meza.

"Baba Sakina, mpumbavu we! Huko kaskazini kuna baridi, na wewe hata shuka hujui kujifunika." Akamgeukia karani. "Unangoja nini? Niandike na mimi."