Pazia Lenye Mfuko

Mama mkwe wangu alitangaza Jumatatu asubuhi kwamba kesho yake anarudi kwao Usenge. Hakuniambia mimi. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa yangu hakuwahi kuniambia neno moja kwa moja, wala mimi sikuwahi kumpa mkono, maana kwetu Wajaluo mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Alimwambia binti yake, na binti yake akaniletea habari jikoni huku akitafuta viatu vya kwendea kazini.

"Anarudi wapi?" nikafoka. "Operesheni si Jumatano?"

"Punguza sauti. Anasema hawezi kukaa hapo dirishani pako tena."

Alikuwa amekuja kwa ajili ya macho. La kushoto lilikuwa limefunikwa kabisa na mtoto wa jicho, la kulia liliona vivuli tu. Aliyehangaika na mambo hayo ni mimi. Ni mimi niliyepiga simu hospitalini, nikangoja nafasi miezi minne, nikamtumia maneno kupitia kwa mke wangu mara sijui ngapi mpaka akakubali kuja. Daktari alishatuonya kwamba jicho la kulia likiachwa hivyo, huenda baadaye hata operesheni isisaidie kitu. Sasa zimebaki siku mbili, mama anafunga mzigo.

Tulikuwa tumejitahidi kumwekea heshima yake. Kwa kuwa mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe, usiku alilala kwa jirani yetu, mjane anayesali naye kanisa moja. Mchana alirudi kwetu, akakaa barazani kwenye kiti cha plastiki. Hapo ndipo balaa ilipoanzia, kwa sababu baraza letu ni jembamba, kivuli kiko upande mmoja tu, na upande huo ndio wenye dirisha la ofisi yangu.

Nasema ofisi, lakini ni meza tu kwenye pembe ya sebule. Tangu kampuni ifunge vyumba vyake mjini na kutuambia tufanyie kazi nyumbani, nakaa hapo kutwa nikisikiliza mikutano ya watu iliyorekodiwa na kuiandika neno kwa neno. Kuhamisha meza haikuwezekana. Soketi ni hiyo moja, na ukitoka kwenye pembe ile mtandao unakufa. Tena mimi si mtu wa kutulia. Nasimama, nazunguka, najisemea, nagombana na sauti zilizomo masikioni. Na kwa sababu ya mikutano ya video, juu huwa nimevaa shati na tai, chini bukta. Hatua moja kutoka kwa mama mkwe! Hata mimi nilikuwa nakaa roho juu, nikisimama najiziba kwa faili.

"Lakini si haoni?" nikamwambia mke wangu.

"Yeye haoni. Wewe unaona. Unafikiri hilo halijui?"

Nikatoka mbio mpaka kwa fundi cherehani wa kona kuomba pazia la dirisha, akaniambia Jumamosi, ana sare za shule mpaka shingoni. Nikarudi nikakuta mke wangu yuko mlangoni.

"Mwambie mama angoje mpaka kesho jioni. Nitashona pazia mwenyewe."

Akaangua kicheko, kiatu kimoja bado mkononi. "Wewe na cherehani, wapi na wapi!" Lakini alikwenda barazani, wakanong'ona, akarudi. Mama amekubali siku moja. Kesho jioni kama dirisha bado li wazi, Jumatano anapanda gari la alfajiri.

Saa ya chakula cha mchana nikaenda mjini, kwenye duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindi anayekata vitambaa tangu kabla sijazaliwa. Nikamwambia nataka kipande cha urefu wa dirisha langu kamili, upana wa jora unatosha. Akaniangalia juu ya miwani.

"Bwana, chukua vipande viwili, uunganishe. Pazia inataka mikunjo. Na ongeza ya pindo."

"Sitaki mikunjo, mama. Nataka lizibe tu."

"Na pindo?"

"Nimepima mwenyewe," nikasema, kama vile hilo lilikuwa jibu. Akakata nilichotaka, akakikunja pole pole sana, na mimi nikiwa nacheza na funguo mfukoni kwa pupa ya kuondoka.

Jumanne niliomba ruhusa ya nusu siku. Nikaitoa cherehani ya mkono ya mke wangu, nikaiweka juu ya meza ya kazi, nikaanza vita. Uzi ulikatika. Nikaupitisha tena, ukakatika tena. Nilizungusha mkono wa cherehani kwa kasi, kitambaa kikakimbia pembeni, mshono ukaenda kombo kama njia ya ng'ombe. Nilifumua, nikatukana kimoyomoyo, halafu si kimoyomoyo. Nje, kiti cha plastiki kililia kidogo. Nikakumbuka nani yuko huko, nikauma ulimi.

Kufika saa tisa nilikuwa nimemaliza pindo la chini na lile pana la juu la kupitishia waya. Nikalitundika. Yawa! Lilikuwa fupi kwa shubiri nzima. Pindo la juu limekula, la chini limekula, na mwanya uliobaki ulikuwa palepale kilipo kichwa cha mtu aliyekaa barazani, na palepale ilipo bukta ya mtu aliyesimama ndani. Nikakaa sakafuni. Mama wa duka aliniambia, na mimi nikajifanya najua. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuingia kama ilivyo kawaida ya alasiri, ukalipeperusha lile janga langu juu zaidi, nikasimama kulishika, na kupitia mwanyani nikaona mikono ya mama mkwe imefumbatana mapajani.

Kurudi mjini nisingewahi. Nikaingia chumbani kutafuta chochote cha rangi ya kahawia kama ya pazia, nikatoka na suruali yangu ya ofisi, ile ambayo kiuno chake na changu viliachana zamani. Nikaipasua miguu yote miwili kuanzia kiunoni mpaka chini, nikaiunganisha, nikaishonea kwenye ncha ya pazia. Mfuko mmoja wa pembeni uliingia humohumo. Niliutazama nikaona kuufumua ni saa nzima nyingine. Nikauacha. Nani angeuona?

Ilipotimia saa kumi na moja lilikuwa juu, zito chini, jepesi juu, baya kila mahali, lakini hakuna hata tundu. Mke wangu alikuwa bado njiani akitoka Maseno anakofundisha. Nikakaa kwenye kiti changu, jasho linanitoka, nikijiambia sasa mama hana sababu. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilifurahi kama aliyeshinda kesi.

Kisha nikaona pazia linasogea. Vidole vya mama mkwe vilikuwa vimepita kati ya vyuma vya dirisha lililo wazi, vinalipapasa. Vilishuka kwenye mshono wangu wa kombo, vikasita, vikaendelea, vikaingia mahali, vikatoka, vikaingia tena.

"Mkwe," sauti ikasema kwa Kijaluo. "Pazia hili lina mfuko."

Nilitazama nyuma yangu kana kwamba kuna mkwe mwingine chumbani.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Ni suruali?"

"Ni suruali, mama. Kitambaa kilipungua."

Halafu akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, kicheko kizito cha chini chini, cha mtu anayejaribu kukizuia akashindwa. Na mimi nikacheka, nikafuta macho kwa tai. Tulipomaliza kucheka nilidhani mazungumzo yamekwisha, nikavuta kompyuta. Lakini hakuwa amemaliza.

"Sasa umeziba," akasema. "Sasa nitasema nini?"

Sikuelewa. Nikangoja, jambo nisilolizoea.

"Dirisha halikuwa kitu. Ningegeuza kiti tu. Naogopa, baba. Naogopa kisu kuingia jichoni. Hiki kivuli kidogo nilicho nacho kinanitosha kujua mlango uko wapi. Wakikizima hicho, je?"

Siku mbili nilikuwa nikimpigania mtu ambaye sikuwahi hata kumuuliza kama anataka. Nilitaka kumwambia madaktari siku hizi ni hodari, ni dakika chache, haumi. Yote nilishamtumia kupitia kwa binti yake.

"Hata mimi naogopa, mama," nikasema.

"Wewe unaogopa nini?"

"Mimi ndiye niliyekusumbua uje. Likiharibika, ni mimi."

Mtaani mtu alipita akipiga filimbi, akatokomea.

"Binti yangu hajui kukaa hospitali," akasema mwishowe. "Ataanza kulia kabla hata hawajaniita. Kesho aende kazini kwake. Nipeleke wewe."

"Nani atakushika mkono, mama?"

Mkono wake ulipita wote sasa kati ya vyuma, ukalisukuma pazia ndani, ukabaki hapo hewani umefunikwa na ile miguu ya suruali yangu, unatafuta. Niliutazama. Miaka kumi na mmoja. Kisha nikanyanyuka, nikaushika, kitambaa kikiwa katikati yetu. Ulinibana kwa nguvu ambazo sikuzitarajia. Tulikaa hivyo, yeye kitini na mimi nimesimama, mpaka tuliposikia geti likifunguliwa na binti yake akiingia, ndipo akaniachia.