Bega langu chini ya sanduku

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, hapa Kalemie, tulimzika rafiki niliyekaa naye benchi moja shuleni. Mke na watoto wake walipomlilia, niliona ni haki yao. Wivu ulinishika kwa vijana aliowafundisha mpira. Kila mmoja alisema matangani, "Kocha alinipenda mimi zaidi." Tangu utoto nilifikiri ni mimi.

Walipobeba sanduku ili walizungushe uwanjani kabla ya kwenda makaburini, niliingia katikati yao.

"Papa, acha, uko mufupi, hautafika!"

"Nilimujua mbele yenu wote, tangu shuleni," nikajibu.

Wakanipisha. Kweli, bega langu halikufika. Nilitembea chini ya sanduku, mkono juu, mpaka tukamaliza kuuzunguka uwanja.