Kahawa Niliyoikataa kwa Jirani

Laiti ningemjibu mwalimu wa dini, "Hapana." Nilimjibu, "Ndiyo, mwalimu," upesi na kwa sauti kubwa, ili wenzangu wasikie. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Majuzi nilirudi kijijini kwetu Kaisho kwenye msiba, nikapita mahali kanisa letu la kwanza liliposimama. Sasa ni shamba la maharage. Wewe hukuliona, basi ngoja nikueleze, maana hadi leo najivunia. Lilikuwa msonge mkubwa, nyasi kutoka kileleni hadi chini, na hakuna Mzungu aliyegusa hata ufito mmoja. Sisi Wanyambo wenyewe tulikata miti na kuibeba mabegani tukiimba. Kila Jumamosi akina mama walileta nyasi mbichi za kutandika chini, na Jumapili ukipiga magoti harufu yake ilikupanda puani kama uko malishoni baada ya mvua. Kengele hatukuwa nayo. Tulikuwa na ngoma. Ikilia asubuhi, watu walitoka katika kila kibanja, kati ya migomba na mibuni, waliobatizwa na wasiobatizwa, kwa sababu nyimbo zetu zilikuwa tamu. Bibi hakujua herufi hata moja, lakini zaburi alikuwa nazo kichwani, akizisema huku anamenya ndizi za kupika na maharage. "Mungu hakungoja tujue kusoma ndipo atusikie," alizoea kusema.

Mimi nilikuwa na tamaa moja: kusoma Neno mbele ya watu siku ya Krismasi. Hakuna mtoto aliyewahi kupewa heshima hiyo. Mwalimu wa dini alikuwa mtu mwema, aliyetembea peku siku nzima kutufikia. Akaniambia, "Utasoma. Lakini msomaji lazima aonekane ameachana na mambo ya kale. Kwa jirani yenu usipokee tena kahawa, maana kwanza huitolea mizimu. Umekubali?"

Jirani huyo alikuwa ndugu wa baba wa kuchanjiana. Ujanani walichanjana tumboni, kila mmoja akatafuna punje ya kahawa yenye damu ya mwenzake. Kwa hiyo nami nilimwita Tata, kama baba. Hakubatizwa, lakini ndiye aliyeezeka kilele cha kanisa letu, maana kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani.

Kwetu kahawa hutafunwa. Huchemshwa na maganda yake pamoja na majani ya kunukia, ikaanikwa, ikawekwa katika kikapu kidogo cha kukaribishia wageni. Kuikataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba ametia sumu. Nilijua hivyo. Nani kwetu asiyejua?

Alasiri moja nilikwenda kwake na baba. Kikapu kikaja. Baba akachukua. Mimi nikaficha mikono mgongoni.

"We msomaji," Tata akacheka, "kitabu kimekula mikono yako?"

"Sipokei, Tata. Hiyo ni kahawa ya mizimu."

Mkewe akaacha kusuka mkeka. "Eh! Huyu huyu aliyekuzwa na maziwa ya ng'ombe wetu?"

Tata hakukasirika. Alichukua punje moja, akaitafuna taratibu mbele yangu, akameza, akanisogezea kikapu tena. Baba akaninong'oneza, "Piga magoti, mwanangu. Pokea." Nikakataa mara ya pili.

Tata akafunika kikapu. "Haya. Nimesikia," akasema. Siku hiyo hakutusindikiza.

Kabla jua halijazama, kijiji kizima kilijua kwamba nimekataa kahawa iliyokwisha kuonjwa. Baba alipeleka kibuyu cha lubisi kuomba radhi, akarudi akapeleka cha pili. Pombe ilipokewa kwa heshima, lakini mazungumzo hayakurudi. Nami Krismasi nilisoma. Nilisoma vizuri, siwezi kudanganya. Akina mama walipiga vigelegele na Bibi akatokwa na machozi. Tata hakuja.

Mwaka uliofuata, majira ya senene, baba alishikwa na kichomi. Siku ya pili akaanza kumwita ndugu yake. Nilikimbia, nikapiga magoti uani kwa jirani.

"Shikamoo, Tata. Baba anakuita. Nisamehe, twende."

"Marahaba. Nilikusamehe zamani, mwanangu." Alinitazama sana. "Lakini mtu aliyeitwa mtia sumu haingii kwa mgonjwa. Nikiingia naye akafa, watasema nimemmalizia, na wanangu watafukuzwa katika kibanja hiki. Wewe ungefanyaje?"

Hata hivyo alikuja akaketi mpakani, penye migomba yetu ya mwisho, mahali alipoweza kusikia anavyoitwa. Siku mbili alikaa pale. Hakuvuka.

Baadaye nilisoma hadi sekondari. Undugu wa kuchanjiana umekwisha, na vijana wa leo hawajui kuezeka msonge. Hayo yamekwenda na wakati, simlaumu mtu. La baba ni langu peke yangu. Mwalimu alitaka mtoto mwenye msimamo. Mimi nilitaka kutazamwa. Baba alikufa asubuhi ya siku ya nne akimwita ndugu yake, ndugu aliyekuwa hatua hamsini tu kutoka kitandani, na aliyemzuia asifike ni mimi.