Jembe la Kwanza la Ngungu

Ofisi ya afya imetangaza, na tangazo limesomwa kanisani baada ya mahubiri na kabla ya sadaka, kwamba stress ni hali ya kawaida ya mwanadamu. Kwamba inatibika bila dawa. Na kwamba, kinyume na wanavyodhani watu wa vilimani, haiambukizi. Anayesumbuliwa apumue kwa tumbo, polepole, kisha azungumze na mtu anayemwamini. Tangazo hilo lilibandikwa pia kwenye mlango wa kituo cha afya cha Ngungu, juu ya lile la kipindupindu, ambacho chenyewe kinaambukiza.

Athanasie alilisikiliza akiwa amekazia macho kitambaa cha kichwa cha Émilienne, aliyeketi benchi la mbele yake. Kilikuwa kitambaa kizuri. Hilo nalo lilimuuma.

Wanawake hawa wawili ni majirani na wako katika kikundi kimoja cha kulimiana: leo shamba la huyu, kesho la yule, mpaka maharagi ya kila mmoja yawe ardhini kabla mvua haijawa nyingi. Kwenye mteremko hupanga mstari mmoja na kulima wakipanda. Pembeni kabisa husimama mwenye jembe la kwanza. Yeye huanzisha wimbo, wenzake huitikia, na wimbo ndio hupima kazi: ukikimbia, wenye magoti mabovu huachwa, ukilala, mvua huwakuta katikati ya kilima. Mchana, chakula kikija, sahani yake hupakuliwa kabla ya nyingine. Jembe hilo halina uchaguzi. Asubuhi wote hushika mipini na kungoja. Anayeanza kuimba akaitikiwa, ndiye. Wala haliombwi. Anayeliomba amekwisha kulikosa.

Kwa miaka mingi jembe la kwanza lilikuwa la Athanasie. Kisha mjomba wake akafa kule Shasha, kando ya ziwa, naye akaenda matanga. Aliporudi alimkuta Émilienne amesimama pembeni, anaimba, na watu wanaitikia. Walimsogezea nafasi katikati ya mstari kwa upole kama wanaomkaribisha mgeni.

Tangu siku hiyo shingo ilikaza, chakula kikawa hakishuki, usingizi ukahama. Mumewe Raphaël alidhani ni malaria, kwa kuwa hapa kila kitu ni malaria mpaka kithibitike vinginevyo. Dawa hazikusaidia. Kilichosaidia kidogo ni siku ile Émilienne alipokohoa katikati ya wimbo, lakini alikohoa mara moja tu.

Ndipo akaenda kwa Faustin. Faustin ni mlimaji wa viazi na pia relais, yaani mtu anayepitisha habari za afya mlango kwa mlango. Mambo ya stress alifundishwa mjini Sake, akarudi na fulana. Alikuwa amewaeleza wanawake wa Ngungu kwamba stress ni mwili kujiandaa kumkimbia simba wakati simba hayupo. Wanawake hao, ambao wamekimbia vitu vingi ila simba, walimsikiliza kwa heshima. Sasa alimwekea Athanasie mkono tumboni, mkono wa Athanasie mwenyewe, akamwonyesha jinsi ya kupumua, na akamkumbusha sehemu ya pili ya matibabu: mtu wa kuamini.

Hapo palikuwa na tatizo. Raphaël angeambiwa asubuhi, na jioni habari ingekuwa imefika penye pombe ya ndizi. Mchungaji angeihubiri bila kutaja jina, lakini kwa maelezo ya kutosha. Alibaki mmoja tu, ambaye Athanasie alikuwa amefukia naye mbegu ya maharagi katika shimo moja, mwaka ule kilima kizima kilipokimbia vita. Waliporudi, mtu huyo aligawa mbegu konzi kwa konzi, bila kujichagulia fungu kubwa. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumchukia. Inahitaji bidii, na Athanasie alikuwa mwanamke wa bidii.

Alimkuta Émilienne uani, anapepeta maharagi.

“Dada, silalake usiku,” alisema.

“Juu ya nini?”

“Iko muntu ananisumbua roho.”

“Raphaël?”

“Hapana. Ule ananisumbuaka masikio tu, akilala.”

Émilienne aliweka ungo chini. “Njo nani basi? Niambie. Haitatoka kwa kinywa yangu.”

Athanasie akapumua kwa tumbo, polepole, kama alivyofundishwa. Pumzi ilimletea utulivu, na utulivu ukamletea uongo.

“Kétsia,” alisema.

Kétsia ndiye mdogo kuliko wote katika kikundi, ameolewa majuzi, anaimba kwaya ya kanisa na analima vibaya.

“Kétsia amefanya nini?”

“Hajafanya kitu. Anaimba muzuri sana, njo ile inanisumbua. Siku moja atakamata jembe ya kwanza, na siye tutamwitika.”

Émilienne alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. “Ule? Hajue hata kushika mupini.”

“Njo vile walisemaka na juu yako, dada,” alijibu Athanasie kwa upole.

Usiku huo alilala. Matibabu, kwa upande wake, yalifanya kazi kama ilivyotangazwa.

Juma lililofuata zamu ilikuwa ya shamba la Agathe, lililo kwenye mteremko mkali kuliko yote. Émilienne alifika na macho mekundu. Alianza wimbo kwa kasi isiyo ya kawaida, huku kila baada ya ubeti akigeuza kichwa kumtazama Kétsia, ambaye hakujua kwa nini anatazamwa na kwa hiyo akaimba kwa nguvu zaidi. Mstari ukapinda. Agathe, mwenye shamba, aliomba kwa adabu kwamba kilima kisikimbizwe, kesho kitakuwapo. Émilienne akaongeza kasi, pumzi ikamwishia, na wimbo ukakatika.

Kimya kilichofuata ndicho Athanasie alichokuwa akikingoja tangu matanga ya Shasha. Alikuwa na wimbo tayari. Lakini alikuwa anamwangalia Émilienne, jinsi alivyoegemea mpini, jinsi kile kitambaa kizuri kilivyoteleza hadi sikioni, na alitaka kuona kidogo tu zaidi.

Kétsia, aliyeona aibu ya kimya kile, akaanzisha wimbo wa kwaya. Watu wakaitikia. Mchana Agathe alimpakulia yeye kwanza.

Jioni Athanasie na Émilienne waliteremka pamoja, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa muda mrefu.

“Anaimbaka juu sana,” alisema Émilienne.

“Sana.”

“Na ule mupini.”

“Usiseme, dada.”

Waliendelea kuafikiana hadi njia panda, na tangu hapo wote wawili wanalala vizuri. Siku za kulima wanasimama bega kwa bega katikati ya mstari na hawamwitikii Kétsia. Faustin amepeleka taarifa ofisini kwamba mama mmoja alipona kwa kuzungumza, na kwamba jirani yake alipona hata kabla ya kufundishwa kupumua.

Siku ya soko Kétsia alimsimamisha Faustin penye viazi, akamuuliza kama ule mupumuo wa tumbo unafaa pia kwa mtu ambaye bado kijana.