Ghala Tupu la Oktoba

“Babu Verlin, mbona ghala lako halina mahindi?”

Aliyeuliza alikuwa Signe, mjukuu wa dada yake, mtoto wa darasa la pili ambaye kidevu chake kilifika ukingoni mwa meza ya treni kwa shida. Verlin Tesdahl hakuinua macho. Alikuwa ameshika kwa kibano ubao mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, akiubana ukutani mpaka ushike.

“Gundi haijakauka,” alisema.

Signe akaridhika, akaenda kutafuta biskuti.

Meza hiyo ilijaza ukumbi wote wa chini wa kanisa la zamani pale Halgrim, Iowa, na watu wa chama cha kuunda treni ndogo za mfano walikuwa wameijengea kaunti nzima juu yake. Ng’ombe mzima hakuzidi pingili ya kidole gumba. Kanisa lilikuwapo, stesheni ilikuwapo, hata kamba ya kuanikia yenye soksi. Na kwa kuwa hawakutaka ubishi kila mwaka, walikuwa wamepiga kura kwamba juu ya meza ile itakuwa Oktoba 1957 daima. Majani ya miti yasiwe kijani tena. Mwanachama mmoja aliwahi kuleta gari dogo la mtindo wa 1959, akachekwa mpaka akalirudisha mfukoni.

Verlin hakuuchagua mwezi ule. Wenzake waliutaka kwa ajili ya rangi za miti. Yeye alinyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ndiyo.

Alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, mtu wa maneno machache. Walipompa kona kando ya reli ajenge shamba, hakununua ghala la plastiki la kubandika tu. Alikata kila kipande mwenyewe. Mbao alizichovya kwanza kwenye wino uliochanganywa na spiriti, zikapata kijivu cha mbao zilizonyeshewa miaka mingi, ndipo akaziunganisha. Alijua kwamba anayetanguliza gundi hupata madoa meupe, na hakuna wino utakaoyafunika.

Ghala lenyewe lilikuwa la kwao. Lilivunjwa zamani, na picha hakuna. Vipimo alivitoa mwilini. Kati ya ubao na ubao, ili upepo uyakaushe mahindi, palikuwa na nafasi ya kupita kiganja cha mtoto, lakini hindi halipiti. Alikumbuka jinsi mkono wake ulivyokwama kwenye kifundo. Juu kuta zilitanuka kuliko chini. Na lote liliegemea upande wa reli kidogo, kama mtu anayesikiliza. Ghala la kwanza alilojenga lilisimama wima mno, akalivunja.

Kitu kimoja tu hakuweza kukifanya, nacho ni kulijaza.

Asubuhi moja ya Oktoba ile, kaka yake Orrin alikula chapati za maji na shira, akamwambia Verlin, “Wewe mvivu, ukirudi kutoka shule nitakuwa nimelijaza nusu,” akatoka na trekta na mashine ya kuvunia. Mabua yakakwama kwenye mashine. Orrin akashuka kuyachomoa, na mashine akaiacha inaunguruma. Shambani alikuwa peke yake. Hakurudi tena.

Kwa hiyo ghala tupu, mlango umefungwa, kwa Verlin lilimaanisha bado ni saa ile ya chapati. Punje moja ikiingia humo, Orrin ameshatoka nyumbani. Verlin hakumwambia mtu jambo hilo. Ungeanzaje kumwambia mtu?

Mwenyekiti wa chama, Gaylen Moe, hakujua lolote. Alikuwa mtu wa utani, na wiki ya maonyesho ilikuwa imefika.

“Verlin bwana, panya wako watanishtaki. Kila ghala mezani limefura, la kwako liko kama tumbo la mtu aliyefunga.”

“Waache wafunge.”

“Walutheri hawafungi Oktoba!”

“Basi panya hao ni Wakatoliki.”

Watu wakacheka. Gaylen naye akacheka, kisha akaweka mezani kichupa cha chenga za mahindi zilizopakwa rangi ya manjano.

“Lakini sasa bila utani. Jumamosi wanakuja wakulima. Watatuona hatujui shamba. Usipoyatia wewe, nitayamimina mimi mwenyewe.”

Verlin alikitazama kile kichupa. Akavaa kofia yake akaenda zake.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kahawa ilichemka, watoto walipigana vikumbo, treni zilizunguka. Gaylen alikuja mpaka kwenye kona ile, kichupa mkononi, akakifungua.

“Mzee, nimekusubiri wiki nzima.”

“Gaylen, tafadhali,” Verlin alisema.

“Tafadhali nini? Ni mahindi tu!”

“Hebu nipisheni,” sauti ikasema nyuma yao.

Alikuwa Mama Hjordis Bruvold, aliyekaribia miaka tisini na fimbo yake ya miguu mitatu. Zamani shamba lake lilipakana na la kina Tesdahl. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa reli.

“Hili ghala la kina Tesdahl,” alisema. “Lilikuwa limeegemea hivi hivi. Nani kalitengeneza?”

“Mimi, Mama.”

“Wewe ni yule mdogo. Kijana, nisogezee kiti.” Verlin, kijana mwenyewe, alikuwa na mvi kichwa kizima. Akasogeza kiti. Mama Bruvold akakaa, akapumua, akaendelea kulitazama. “Siku tulipokuja kuwavunia mahindi yenu lilikuwa tupu hivi hivi. Wewe ulikuwa ghorofani, umelala umeangalia ukuta. Nilikupandishia kahawa na mkate. Hukugeuka.”

“Nilisikia matrekta tu,” Verlin alisema polepole. “Sikuchungulia.”

“Hukuona kitu?”

“Hata kimoja.”

Mama Bruvold alimgeukia. Gaylen alisimama na kichupa chake, hajui akiweke wapi.

“Basi sikiliza. Hatukuitwa na mtu. Ilikuwa asubuhi, tumemzika Orrin jana yake. Mbele alikuwa mume wangu Arlo. Halafu wale ndugu wawili wa ukoo wa Sand, waliokuwa hawasemeshani tangu wagawane shamba, mmoja na trekta lake jekundu, mwingine na la kijani. Siku hiyo walifuatana, pua kwa mkia. Na yule Mkatoliki wa ng’ambo ya mto, sijui nani alimpasha habari. Msururu mpaka darajani. Wakazima injini barabarani, wakangoja. Nani angeingia kwenye uwanja wa mfiwa bila ruhusa? Kimya, hata mbwa hakubweka. Mama yako akatoka na aproni yake. Akaenda akaufungua mlango wa ghala kwa mkono wake. Ndipo Arlo akawasha trekta.”

Verlin alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye gari linalokata kona. Zaidi ya miaka hamsini alikuwa amelisikia kundi lile la matrekta masikioni, na lilikuwa ngurumo tu, halina sura. Sasa lilikuwa na rangi.

“Mama alivaa aproni ipi?” aliuliza mwishowe.

“Ya bluu. Unadhani alikuwa na ngapi?”

Gaylen akakifunga kichupa, akakitia mfukoni. Juma lililofuata alikuja na sanduku la viatu lenye matrekta madogo, mabovu mabovu, akaliweka mbele ya Verlin.

“La kijani limevunjika usukani,” alisema. “Utaweza kulitengeneza?”

“Nitaweza.”

Wazazi wa Signe walihamia Minneapolis, na miaka ikapita. Aliporudi alikuwa mwanafunzi wa sekondari, mrefu kuliko Verlin, na ilimbidi ainame kuitazama kona ile. Ghala lilikuwa pale pale, limeegemea reli, na nafasi kati ya mbao zilipitisha mwanga mtupu. Ila mlango sasa ulikuwa wazi. Pembeni yake alisimama mwanamke asiyezidi ukucha, mwenye aproni ya bluu. Na barabarani, kutoka langoni mpaka darajani, matrekta na matela yalikuwa yamepangana, jekundu na la kijani yakifuatana karibu sana.

“Babu,” Signe alisema, “gundi bado haijakauka?”

Verlin alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

“Ilishakauka,” alisema. “Wanaolijaza ni majirani. Ndio kwanza wanafika.”